Mkono Utosini

Kwa Loserian ni senta ya kupita tu. Iko kando ya barabara itokayo Longido kuja Arusha, soko lake ni Alhamisi, na mtu wa Usa River kama Elieshi hana la kufanya pale labda gari limharibikie. Na kweli likamharibikia. Tairi la Noah, gari la abiria walilopanda, lilipasuka mbele ya soko, saa kumi na mbili kasoro jioni. Dereva akaenda kutafuta fundi, na Elieshi akashuka na binti yake Silantoi, mwenye miaka sita, wakatafute chai.

Ilikuwa Alhamisi, na soko lilikuwa linafungwa. Lilifungwa mbiombio, kama la watu walioona mvua inakuja, ila anga lilikuwa jeupe. Wanawake walizoa viazi bila kuvichambua. Wauza mitumba walikaza marobota yao bila utani wala kelele. Elieshi aliona pia kwamba kila mtoto aliyepita alikuwa amevaa mzula, kofia ya sufu, uliovutwa hadi kwenye nyusi. Baridi ya mlimani, akawaza. Silantoi wake alikuwa kichwa wazi, kimenyolewa juzi kwa ajili ya shule.

Elieshi hakuwa mtu wa kutishwa. Kazini kwake, kwenye shamba la maua, alisimamia wanawake arobaini, na hata bwana shamba alijifunza kumbishia hodi. Mungu alimpa mdomo, naye hakuuacha ulale. Alipoolewa na Mwarusha alikubali jambo moja tu bila ubishi: mtoto akikutana na mkubwa, anainamisha kichwa, mkubwa anagusa utosi, yamekwisha. Mama mkwe alikuwa amemfunza Silantoi vizuri mno. Angemwinamia hata konda.

Ndiyo maana Elieshi hakushtuka bibi yule alipojitokeza kati ya meza tupu.

Alikuwa amejitanda shuka la bluu, mgongo umepinda, shanga shingoni. Alinukia kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi, harufu ya nyumbani kabisa. Akanyoosha mkono. Silantoi akainama.

Mkono ukatua utosini.

Ukakaa.

Elieshi alingoja uondoke. Salamu ya kichwa ni ya kugusa na kuachia. Lakini mkono ulibaki palepale, vidole vikajikunja taratibu... Na chini ya ile harufu ya moshi kukatokea nyingine, ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

"Bibi, inatosha," Elieshi alisema.

"Ana adabu," bibi akanong'ona. Kisha akaachia, akapotelea nyuma ya vibanda, mgongo umepinda kuliko alivyokuja.

Kwenye kibanda cha chai Silantoi hakugusa andazi lake. Alikaa akitazama meza.

"Mama." Sauti ilikuwa kavu, ya mtu aliyeishi sana. "Magoti yananiuma."

Elieshi alimshika mikono. Viganja vilikuwa vimejaa makunyanzi. Hapo aliogopa, tusidanganyane.

Muuza chai, mwanamke wa makamo aitwaye Marta, aliviona vile viganja, birika likamponyoka.

"Dada... umempitisha sokoni kichwa wazi?"

"Kuna bibi amemsalimia. Ana shuka la bluu."

Marta akaurudishia mlango. Alinong'ona huku akitazama ufa wa mbao.

"Huyo si bibi. Ni Nkasiogi. Tulipata kipaimara siku moja, mimi na yeye. Alikuwa kitinda mimba kwao, kuinamia watu kukamchosha, akaapa iko siku wote watamwinamia yeye. Akafa na miaka kumi na tisa. Shada nilibeba mwenyewe. Mwaka uliofuata akaonekana sokoni, mwanamke wa miaka thelathini. Sasa ndiyo hivyo ulivyomwona. Kila kichwa anachoshika kinampa miaka."

"Na watoto?"

Marta alitazama chini. "Wanazeeka. Wa mwisho hakufika Jumapili."

"Na ninyi mnafanya nini?"

"Tunawavika mizula."

Hasira ilimpanda Elieshi ikaipita hofu. Senta nzima, wazee na fimbo zao, wanakwaya na sauti zao, dawa waliyoiona ni mzula! Na mgeni je, mwenye mtoto aliyefunzwa adabu? Mgeni na apite tu, shauri yake.

"Hamkuweza hata kuniambia?"

"Ungetucheka, dada."

Elieshi alimtazama mwanawe, aliyekuwa akijikanda magoti kama kikongwe. Kisha akauliza taratibu, "Alikufa na miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Na maiti huongeza mwaka?"

Marta akatikisa kichwa.

"Mimi nina thelathini na sita," Elieshi alisema, akasimama. "Nishikie mtoto."

Soko lilikuwa tupu. Bati moja liligonga... likanyamaza... likagonga tena. Harufu ya udongo ilimwongoza hadi kwenye meza za mwisho, na bibi alikuwa amekaa pale, amempa mgongo. Elieshi akaitukana hofu yake kimoyomoyo, akaendelea kutembea.

Bibi akageuka, mkono umenyooshwa.

"Njoo, mwanangu. Lete kichwa."

"Kichwa changu sikupi. Takwenya."

Hiyo ni salamu ya mkubwa akianza kwa mwanamke aliye mdogo wake. Aliyelelewa upande ule hawezi kuiacha bila kuiitikia, 'Iko.'

Bibi hakuushusha mkono.

"Takwenya, Nkasiogi! Una miaka kumi na tisa, hiyo mingine umeiiba. Mimi ni mkubwa wako. Inama!"

Kitu kilikoroma kooni mwa bibi. Ngozi ya uso wake ikatembea. Mikono yake ikashika ukingo wa meza kujizuia, lakini shingo ilikuwa imeshaanza kushuka... kidogo... kidogo... Shuka likaanguka.

"Iko," ikaitika sauti ya msichana.

Elieshi akaweka mkono utosini. Baridi ilimpanda hadi begani. Hakuutoa. Aliuacha palepale, kama ulivyoachwa kwa mwanawe, hadi akasikia kutoka kibandani Silantoi analia, kilio kikali cha mtoto wa miaka sita anayetaka andazi lake.

Alipotazama chini, mkono wake ulikuwa umelalia meza tupu.

Hayo ni ya mwaka juzi. Silantoi yuko darasa la pili, anaruka kamba, magoti mazima. Elieshi aliapa kutokanyaga tena Kwa Loserian. Kisha akasikia bibi ameonekana tena, akawakumbuka watoto wa wageni wengine. Sasa kila mwezi, Alhamisi moja, anatoka Usa River, anakunywa chai kwa Marta, na jua likishuka anakwenda kwenye meza za mwisho. Mwenye shuka la bluu huja, akainama. Kila akija, mgongo wake umenyooka zaidi.

Mwezi uliopita Marta alisimama na birika mkononi, hakumimina. Mvi zilikuwa zimejaa kichwani mwa Elieshi, na mkono wake ulioshika kikombe ulikuwa wa mwanamke wa miaka sabini.

"Dada," Marta alinong'ona, "hiyo miaka unayomtoa... unajua inakwenda wapi?"

"Najua."

"Basi acha. Una mtoto."

Nje, watoto wawili walifukuzana kati ya meza, vichwa wazi. Elieshi aliwatazama, akashika meza ili ainuke. Magoti yakalia.

"Acha nizeeke," alisema. "Nikizidi kuzeeka, ndivyo atakavyozidi kuniinamia."

Akageukia mlango. Kabla hajafungua kinywa kusalimu, sauti ya msichana ikaitika kutoka upande wa pili wa mbao.

"Iko."