Kahawa ya Mzee Bernadi

"Mji mzima wa kahawa, mama, halafu mnaninywesha chai?"

Aurelia aliangua kicheko pale kwa mama lishe, stendi ya Mbinga. Mlalamikaji alikuwa kijana mrefu, shati la bluu limenyooshwa kwa pasi, viatu vina mchanga wa ziwa. Alijitambulisha: Rodrick, afisa uvuvi kutoka Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa.

"Kahawa iko kijijini kwetu Ukata," Aurelia alisema, akiliweka sawa gauni lake la njano. "Baba yangu analima."

"Utanionjesha?"

"Ukiwa na adabu."

Wakapeana namba. Miezi miwili simu hazikupoa. "Mrembo, kahawa yangu vipi?" "Inakusubiri, wewe na pupa yako!" Aurelia hakuthubutu kumwambia kwamba kwao hawajawahi kuinywa. Ikishakauka inaingia kwenye magunia inauzwa, nao wanakunywa chai ya rangi.

Jumapili Rodrick alipokuja kujitambulisha kwa wazazi, Aurelia alijifungia jikoni na kopo la kahawa alilolinunua dukani mjini. Akaikoroga kwenye birika, kopo akalificha nyuma ya kuni.

"Ya shambani kwetu hii," alisema akimimina.

Rodrick alionja, akafumba macho. "Hongera, mzee! Sijapata kunywa kahawa kama hii."

Baba yake Aurelia, Mzee Bernadi, akataka naye kikombe. Alikunywa polepole, kofia mkononi, kama yuko kanisani.

"Kumbe ndiyo hii," alisema. "Miaka arobaini naipalilia, leo ndiyo naijua ladha yake." Machozi yalimlenga. "Aurelia, kamwite jirani Urbani. Naye aje aonje."

Aurelia hakuinuka. Uso ulimwaka moto, akatamani ardhi ipasuke immeze. Kumdanganya mchumba aliweza. Huyu mzee anayelia kwa kahawa ya kopo, hapana.

"Usimwite, baba. Si yako. Nimeinunua dukani. Niliona haya mgeni ajue hatujui hata kuikaanga."

Alingoja Rodrick achukue mkoba wake aondoke, na asingemlaumu.

Rodrick alikuwa ameinamia kikombe. "Nisamehe, mzee. Kahawa ya kopo kama hii ninayo Lituhi, nakunywa kila asubuhi. Niliitambua mara moja. Nikakusifia uongo ili unipe binti."

Mzee Bernadi aliwatazama mmoja mmoja. Hakufoka, na hilo ndilo lililomuumiza Aurelia zaidi.

"Kwa hiyo yangu bado sijaionja," alisema.

Aliingia ndani, akarudi na ungo wa kahawa kavu, maganda yake bado. Akauweka kati yao.

"Kinu kile pale. Twangeni, mkaange, mniletee. Mkiiunguza, habari za posa tusahau."

"Na tusipoiunguza, baba?" Rodrick aliuliza.

"Twanga kwanza, mwanangu."

Aurelia aliubeba ungo bila kuthubutu kumtazama baba yake. Rodrick alipomshika mkono nje, hakuuondoa. Alikuwa analia kwa aibu, na aliacha amuone.