Kizibo Kinachowahi Kuanguka

Fundi bomba na binti yake walielewana kazini bila kuitana. Baba alikaa ghorofa ya juu akikata na kuunga mabomba. Binti alisimama chini, kwenye koki kuu. Baba akitaka maji yafungwe, aligonga bomba kwa spana. Mlio ulishuka ukutani, binti akafunga. Watu walisema mtoto wa nyoka ni nyoka.

Asubuhi moja baba aligonga, na maji hayakufungwa. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi. Maji yaliruka, yakalowesha kitanda na zulia la mwenye nyumba. Baba alishuka mbio. Alimkuta binti ameegemea ukuta. Mikono ilitetemeka na miguu haikumbeba. Alipojaribu kusema, ulimi ulikuwa mzito.

Mwenye nyumba alimtazama binti, kisha baba.

"Fundi, kazi yako naipenda. Ila mlevi simtaki nyumbani kwangu."

Haikuwa mara ya kwanza. Hali hiyo ilimjia binti aliposhtuka au alipokimbia ghafla, na baada ya dakika chache iliisha. Kila mara aliapa kwamba hajaonja pombe. Baba hakusadiki. Alimnusa mdomo, na asiponusa kitu alisema siku hizi kuna pombe zisizonuka. Tena alikuwa na dawa yake mwenyewe. Alimtwisha mabomba na kumpandisha ngazi, amshushe, ampandishe tena, ili pombe itoke na jasho. Binti alizidi kuyumba. Kwa baba, huo ulikuwa ushahidi.

Siku hiyo alimnyang'anya spana. Alimwambia mkewe kwamba atatafuta msaidizi mwingine.  Binti alikaa jikoni akiitazama mikono yake, kwa sababu kazi ile ndiyo aliyoipenda tangu utoto.

Mama hakuvumilia. Alimwita jirani yao, muuguzi wa kliniki ya mishipa ya fahamu. Muuguzi hakuuliza habari za pombe. Alimwomba binti alaze mikono mezani na kuilegeza. Wote wakaona misuli ya vidole ikicheza chini ya ngozi, kama maji yanayokaribia kuchemka. Baba alicheka. Alisema hata vidole vyake hucheza hivyo, ni mazoea ya spana tu. Muuguzi akavitazama na vidole vya baba. Hakucheka.

Aliwapeleka hospitali. Daktari alipima umeme wa misuli na damu ya binti. Majibu yalikawia, lakini yalikuja wazi. Hakuna pombe. Ni ugonjwa wa kurithi.

Baba aliyasikia majibu lakini hayakumwingia. Basi muuguzi alikwenda naye chooni kwao, akafunua tangi la maji.

"Bonyeza, shemeji. Unaona? Mnyororo umeinua kizibo, maji yametoka. Sasa kizibo kinarudi kuziba."

"Nilikuwa nafunga vyoo kabla wewe hujaolewa," baba alisema. "Nifundishe kingine."

"Haya, nisikilize. Mishipa ya fahamu hupeleka habari kwa umeme mdogo. Habari ikipita, mshipa lazima utulie. Ili utulie, milango midogo sana hufunguka na kutoa nje potasiamu, chumvi iliyomo mwilini. Baadhi ya milango hiyo ina kizibo kinachoning'inia kwa ndani, kama kwenye kamba. Mlango ukishafunguka, punde kizibo huingia na kuziba njia, ingawa mlango wenyewe bado uko wazi. Mshipa ukitulia, kizibo hutoka na mlango hufungwa, tayari kwa zamu nyingine."

"Na wa binti yangu?"

"Kizibo chake kinawahi. Potasiamu haijatoka ya kutosha, njia imezibwa. Mshipa hautulii, unapiga kelele, na sehemu ya ubongo inayosimamia mwendo inavurugika."

Baba alilitazama tangi. "Tangi halijamwaga, kizibo kimeanguka."

"Ndiyo hivyo. Na kumshtua, au kumkimbiza ngazi, ni kubonyeza tena na tena choo kibovu."

Kisha akaeleza kwamba daktari anataka kujua ni nani mwingine katika ukoo aliyekuwa na hali hiyo. Baba alivitazama vidole vyake.

"Mama yangu," alisema. "Walimwita Yumbayumba. Aliapa mpaka anakufa kwamba hajaonja. Na mimi sikumsadiki."

Baba naye alipimwa, akakutwa na ugonjwa huo huo, ila kwa uchache. Binti alipewa dawa na daktari. Alifundishwa kuketi mara tu anapohisi hali inaanza, na kutulia mpaka ipite. Ugonjwa haukuisha, lakini haukumjia tena mara kwa mara. Baba alimrudishia spana yake. Ya kwake hakuigonga tena kwenye bomba, asije akamshtua. Aliteremsha kamba kando ya bomba, ncha yake binti akaishika mkononi.

Walirudi kwa yule mwenye nyumba kumaliza kazi. Baba alivuta kamba polepole. Chini, binti alifunga koki. Juu halikudondoka hata tone. Mwenye nyumba, aliyesimama juu na baba, aliuliza ni msaidizi gani huyo hodari.

"Ni yule yule binti yangu," baba alijibu. "Ana maradhi ya mishipa ya fahamu. Kayarithi kwa bibi yake, kupitia kwangu. Na bibi yake hakuwa mlevi."