Mteja Aliyepiga Hodi

Wateja wa mtandaoni hawana salamu. Wanaandika "bei?" na wakishajibiwa wanapotea kama waliokimbizwa na mbwa. Kwa hiyo mchana ule simu ya biashara ilipolia, na mtu akawa ameandika "Hodi", Fundi alipaswa kushtuka. Hakushtuka, alikuwa amechoka. Na hata angeshtuka ingekuwa kazi bure, maana simu ilikuwa imeshajibu yenyewe: "Karibu sana mpendwa. Hapa ni kwako, jisikie nyumbani."

Maneno hayo aliyaweka Bando. Bando ndiye mwenzake katika biashara, msichana wa picha na kurasa za mtandaoni, jina kalipata kwa kuombaomba watu bando la intaneti tangu yuko shule. Fundi anashona mapazia, Bando anayapiga picha na kuyauza. Aliipanga simu imjibu kila anayeandika, hata wao wakiwa wamelala, na akajiona mjanja.

Chumba chenyewe kilikuwa cha nyuma, ghorofani, kidogo, choo cha kuchangia. Walikipangia dirisha tu. Mtaa ule mtandao ni wa kubembeleza. Watu wazima wanapanda juu ya viti na kunyoosha simu hewani kama wanaanua nguo. Lakini kwenye dirisha lile mtandao ulijaa asubuhi mpaka jioni. Kwa sababu ya dirisha lile, Fundi, binti aliyekuwa akikata vitambaa kwenye duka la mtu, wima kutwa mpaka miguu inavimba, sasa anashonea nyumba za miji ambayo hajawahi kuikanyaga. Ukimwondoa pale, anarudi kusimama. Hilo alilijua hata usingizini.

Mteja wa hodi hakuuliza bei. Alituma picha ya dirisha na vipimo vyake, akaandika: "Mazito. Yasipitishe mwanga."

Fundi akavisoma vile vipimo, akavisoma tena. "Hivi navijua," akasema.

"Madirisha yote yanafanana," Bando akajibu bila kuinua kichwa.

"Njoo uone."

Dirisha lilikuwa lao. Nondo iliyopinda ni ile ile. Picha ilipigwa kutokea ndani, kwenye kona wanakoweka pasi, na mbele yake alionekana Fundi mwenyewe kwa mgongo, kainamia cherehani, na gauni alilovaa ni la siku hiyo.

Wote wawili wakageuka kutazama kona. Pasi ilikuwepo. Mtu hakuwepo.

"Umenipiga wewe?" Fundi akauliza.

"Simu yangu si ile pale kwenye chaji?"

"Basi nani?"

"Sijui. Mbona unanong'ona?"

"Na wewe je?"

Bando, ambaye ulimi wake haujawahi kulala njaa, alimwandikia mteja kwamba kazi zimejaa, atafute kwingine. Jibu likaja hapo hapo, la adabu kabisa: "Kwingine wapi? Hapa ni kwangu. Mlisema."

Tangu siku ile mchana ukawa mrefu. Jua likishasimama juu ya mabati na mtaa ukisinzia, chumba kilijaa harufu ya kitambaa kibichi kinachopigwa pasi ya moto, na pasi yenyewe imelala baridi, waya umezungushwa. Mkasi ukasikika ukikata, kra, kra, polepole, wa mtu asiye na haraka, na mkasi uko ndani ya droo. Fundi akitaka kukaa, kiti kilikuwa na joto la mtu aliyetoka kuinuka. Mapazia ya wateja yaliyokuwa yamekunjwa vizuri walianza kuyakuta yametundikwa dirishani, na kila yalipotundikwa mtandao ulikata kama uzi. Wateja wakaanza kulalamika. Wawili wakaandika kwenye ukurasa, watu wote wakiona, kwamba biashara ile ni ya matapeli.

"Tuhame," Bando akasema.

"Tuhamie wapi? Mtaa mzima umeshatembea na simu mkononi, ulipata wapi mtandao?"

Bando akapanda kiti, akaanza kuyashusha mapazia.

Kisha ikaja siku waliyotoka wote wawili kupeleka mzigo kituoni, wakafunga mlango kwa kufuli, na waliporudi wanapanda ngazi wakasikia cherehani inakwenda, ikakoma, ikaenda tena, ndivyo anavyofanya mtu anayefika kwenye kona ya kitambaa na kukigeuza, nao wakasimama mpaka Fundi alipoutia ufunguo kwenye kufuli na kusukuma mlango taratibu, akaona chumba cheusi, dirisha limezibwa na mapazia matatu ya watu watatu yaliyoungwa kwa uzi mmoja, na katika kile kiza mgongo, mgongo tu, mpana kupita kiti, umeinamia cherehani kama yeye anavyoinama, na kabla hajarudi nyuma sauti ya upole ikatoka upande wa ukutani, ikisema kama mzee anayesumbuliwa kidogo na wajukuu: "Fungeni mlango, wanangu. Mwanga unaingia."

Wakaufunga. Utafanyaje?

Mama wa dawa waliyemleta kesho yake alikuwa mtu mzima, mnene, wa kupumzika katikati ya ngazi. Alikataa kiti, akakaa sakafuni, akanusa.

"Nani alimwambia hapa ni kwake?"

Fundi akamtazama Bando. Bando akatazama kucha zake. "Simu, mama."

"Simu ya nani?"

"Yetu."

"Basi mmemwambia nyie." Akajifuta jasho. "Mwanadamu akiambiwa jisikie nyumbani anakunywa maji anaondoka. Hawa wenzetu wa kijini ukiwapa neno wanakaa nalo. Haya, aliyetoa arudishe. Sema."

Fundi akasimama katikati ya chumba. "Hapa si kwako," akasema. "Hapa ni kwangu."

Harufu ilizidi. Simu ikalia mfukoni mwa Bando, akaisoma kwa sauti ya chini: "Kwako? Kodi unampelekea nani?"

Mama wa dawa akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Hapo kakushinda. Umegawa chumba cha kupanga, mwanangu. Mleteni mwenyewe."

Mwenye nyumba aliishi mtaa wa pili na mkewe, na alikuwa mtu wa kufoka. Alifokea wapangaji, alifokea mafundi bomba, alifokea mvua. Alikubali kuja kwa sababu aliambiwa kuna mtu kaingia chumbani bila kumlipa. Akasimama mlangoni, tumbo mbele, hata hakuuliza ni mtu au ni jini.

"Nyumba hii nimejenga mimi," akasema. "Kila tofali langu. Wewe uliyemo humo, hapa ni kwangu. Toka."

Maneno hayo aliyatoa moyoni, lazima tumpe haki yake. Maishani hakuwahi kusema jambo analoliamini zaidi. Mapazia yakaanguka yote pamoja. Mwanga ukaingia, harufu ikakatika, na simu ya Bando ikaanza kulia mfululizo, ujumbe wa wateja ukimiminika.

Angeishia hapo. Lakini yeye kila alipomaliza kumfokea mtu alikuwa na neno lake moja, la choo, la maji, la kila kitu, na akiwa tayari ameshika ngazi akalitupa nyuma ya bega: "Mwenye shida anifuate nyumbani."

Mama wa dawa akafumba macho kama mtu aliyeona gari linaelekea mtaroni.

"Mama?" Fundi akauliza.

"Chumba chenu kimesafishika," akasema, akiinuka kwa shida. "Niliitiwa chumba chenu."

Kazi ikarudi. Fundi akafumua uzi wa yale mapazia matatu, akawaomba radhi wenyewe, akashona mpaka macho yakawasha. Bando akafuta lile jibu la simu, akaweka "Tumepata ujumbe wako", basi. Wiki zikapita. Siku moja Bando akiwa kituoni, mke wa mwenye nyumba akaja, mwanamke mwembamba aliyezoea kukaa kwenye ncha ya kiti.

"Nataka mapazia," akasema. "Nyumba nzima. Mazito."

Mkono wa Fundi ukatulia juu ya kitambaa. Harufu ilitoka kwenye nguo za yule mama, ya kitambaa kibichi na pasi ya moto. "Baba hajambo?"

"Hajambo. Mwanga ndio hautaki." Akakunja mikono mapajani. "Hafoki siku hizi. Anapiga hodi kabla ya kuingia jikoni. Juzi kaniambia ahsante."

"Mama, siku ile alipokuja hapa—"

"Usiniambie." Hakupandisha sauti. "Nimelala kitanda kimoja na yule mwanamume tangu nina umri wako. Unadhani sijui kama si yeye?"

Nje mtu aliburuta ndoo. Fundi akainama karibu naye.

"Kuna mama mmoja wa dawa. Naweza kumwita."

"Usimwite. Niache nipumzike, mwanangu. Chumba hiki kaeni. Kodi nitakuwa nachukua mimi, na hakuna atakayewatoa."

Fundi akatazama dirisha, akatazama simu, mtandao umejaa. Akazifikiria zile saa za kusimama dukani kwa mtu. "Na baba mwenyewe," akauliza kwa kunong'ona, "yuko wapi?"

Yule mama akafikiri kidogo, kama aliyeulizwa alikoweka chumvi.

"Mchana kukiwa kimya namsikia anafoka. Mbali, kama mtu aliye kisimani. Nikiwasha redio simsikii."

Fundi akasogeza kitambaa pembeni. Kisha akachukua utepe wa kupimia, akaunyoosha mapajani.

"Madirisha mangapi, mama?"