Kodi ya Miezi Kumi na Sita

Maiti ya Dismasi ilikutwa kifudifudi ndani ya ghala alilopanga mtaa wa Rusimbi, mjini Kigoma, kisogo kimepasuka, magunia ya maharage yamemzunguka. Ilikuwa mwishoni mwa Agosti 1997. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje kwa kufuli jipya, na ufunguo wa mkewe haukulifungua. Wachukuzi ndio waliovunja.

Inspekta Veneranda hakuhangaika kumtafuta mwenye kufuli. Bonaventura, mwenye nyumba, alijileta mwenyewe, ufunguo mkononi, maneno tele. Alidai mpangaji wake hakuwa amelipa kodi, ndiyo maana jana yake jioni alifunga ghala. Hakujua kuna mtu ndani. Labda aliteleza gizani, maskini.

"Unamdai tangu lini?"

"Tangu mwezi wa saba."

"Uliita kabla ya kufunga?"

"Sikuona haja."

Muungwana kweli huyo, anafunga mlango bila hata kuchungulia. Daktari alisema marehemu hakuanguka, alipigwa kwa kitu kizito, na jiwe la mizani lilikutwa na damu. Lakini jiwe halimtaji aliyelishika. Kama Dismasi alidaiwa kweli, basi Bonaventura alikuwa na sababu ya kufunga, na angeshikilia hapo hapo.

Veneranda akamfuata mjane, Lyse, Mrundi aliyekimbia vita mwaka 1993 na kuolewa hapa mjini. Alikuwa mkekani na wanawe wawili. Aliogopa na alisema wazi kwamba anaogopa: hana ndugu Kigoma, ghala lile ndilo linalowalisha, na Bonaventura ameshamwambia ahamishe magunia.

Akaeleza kwamba mumewe alilipa kodi ya miaka miwili kwa mkupuo, mwezi Januari, kama wenye nyumba wa huku wanavyopenda. Ila katika hesabu zake hakuiita yote gharama. Kila mwisho wa mwezi aliandika gharama ya mwezi mmoja tu.

"Inayobaki alisema bado ni mali yetu, imelala kwa mwenye nyumba," Lyse alisema. "Tumetumia miezi minane. Imebaki kumi na sita."

"Nani alimwona akilipa?"

"Fundi Pastory. Bonaventura alimkabidhi hela zile pale pale, akanunue mabati."

Pastory hakusita. Nyumba mpya ya Bonaventura, mtaa wa Kasingirima, iliezekwa kwa kodi ya Dismasi.

Kituoni, Bonaventura alipoambiwa hivyo mbele ya fundi na mjane, alinywea. Akaomba maji, akanywa, akasema.

"Shirika moja lilitaka ghala la vyakula vya wakimbizi. Wanalipa dola. Nikamwambia Dismasi atoke, akataka kodi yake ya miezi kumi na sita. Ningemrudishia nini? Nilishaila yote. Akanipa mgongo, akaendelea kupima maharage. Nikachukua jiwe."

Veneranda aliandika maelezo, akamtilisha sahihi. Kisha akamhakikishia Lyse kwamba ghala ni lake mpaka Desemba ya mwakani, na hakuna wa kugusa gunia lake.

Lyse alishukuru. Alipofika mlangoni akamgeukia Bonaventura, wala hakupaza sauti.

"Alishapata ghala dogo kule Katonga. Alitaka kukuachia hili, umlipe kidogo kidogo, hata kwa miaka mitano. Alikuwa anangoja tu useme huna."