Mgeni Mnene Hajaja Leo

Watoto, sogeeni karibu. Kabla sijaanza, niseme kosa langu.

Niliwahi kumfungia mtu ndani ya nyumba yake. Mtu huyo alikuwa mdudu. Mungu aliniona.

Mimi ni baba yake Tusekile. Tunakaa Tukuyu, kwenye mvua nyingi. Nyuma ya jiko letu pana bustani, na kwenye bustani pana kichanja cha pasheni. Nguzo zake nilizichimbia mwenyewe. Nikaringa nazo, kwa kweli.

Tusekile alipenda kuwapiga picha wageni wa maua. Kila asubuhi Mama alimwazima simu.

"Usiiangushe kwenye matope," Mama alisema.

"Siiangushi."

Tusekile alichuchumaa mbele ya ua la pasheni. Ua jeupe, lenye nywele za zambarau. Akajisemea polepole:

"Tulia. Usitikisike. Mgeni anakuja."

Akaja kipepeo. Ka-cha.

Akaja nyuki mdogo. Ka-cha.

Kisha, vuuu, vuuu. Akaja nyuki mkubwa mweusi, mnene kama kidole gumba changu. Ka-cha.

"Wewe ni Mgeni Mnene," Tusekile alimwambia.

Mgeni Mnene alijipenyeza ndani ya ua. Akatoka na unga wa njano mgongoni. Akaingia ua la pili, na unga ule ukabaki huko.

"Baba, nyuki mdogo mgongo wake haufiki juu kwenye unga," Tusekile alisema. "Wa Mgeni Mnene unafika. Ndiyo maana tunapata pasheni. Tazama picha."

"Baadaye, mwanangu," nilisema. Nilikuwa nanoa jembe. Sikutazama.

Jioni ile niliona tundu kwenye nguzo yangu. Tundu la duara, safi. Chini yake palikuwa na vumbi la mbao. Na ndani, vuuu, vuuu.

"Ananitobolea nguzo huyu," nilisema. "Kichanja kitaanguka."

Nikachukua kijiwe. Nikachukua udongo. Nikaziba tundu na kupigapiga kwa kiganja. Pa, pa, pa.

Sikumwambia mtu.

Asubuhi, ua moja tu lilikuwa limefunguka. Tusekile akachuchumaa mbele yake.

"Tulia. Usitikisike. Mgeni anakuja."

Akaja kipepeo, akaenda zake. Akaja nyuki mdogo, akapita chini, akaenda zake.

Mgeni Mnene hakuja.

Jua likapanda. Na ua la pasheni halikai wazi siku nzima. Likijifunga kabla mgeni hajafika, linaanguka. Tunda hakuna.

"Baba, Mgeni Mnene hajaja leo."

"Labda amelala," nilisema.

Huo ulikuwa uongo.

Tusekile akafungua picha za jana. Akazivuta kwa vidole, zikawa kubwa.

Picha ya ua. Picha ya Mgeni Mnene akiruka. Na picha ya nguzo: tundu, na mgongo wa njano unaingia ndani.

"Kumbe anakaa hapa nyumbani," alisema.

Akakimbia kwenye nguzo. Akaipapasa. Tundu halikuwepo. Palikuwa na udongo mkavu.

Akaweka sikio. Kimya.

Akasubiri. Kimya.

Halafu, kwa mbali sana: vu.

"Baba," alisema, "nani amemfungia?"

Mama alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama.

Nilitazama vidole vya miguu yangu. Havikunisaidia.

"Ni mimi, mwanangu. Nimemfungia mimi. Na nimekudanganya."

Tusekile hakulia. Alisema, "Basi mfungulie."

Nikaleta msumari.

"Usichome, Baba. Yuko hapohapo nyuma."

Nikauweka msumari chini.

Tusekile akaleta maji kwenye kikombe, na unyoya wa kuku. Akauchovya, akaulowesha udongo. Tone. Tone. Tone.

Udongo ulikuwa mgumu. Nilikuwa nimeupiga vizuri mno.

"Ua linaanza kujikunja," Mama alisema.

Tone. Tone. Tone.

Udongo ukalainika. Nikaukwangua kwa kucha, kidogokidogo. Nikatoa kijiwe.

Tundu likawa wazi. Jeusi. Kimya.

"Akitoka, ataniuma?" niliuliza.

"Baba Tusekile," Mama alisema, "jana ulikuwa shujaa wa udongo. Leo umekuwaje?"

Sikucheka. Nilifumba macho. "Bwana," nilisema, "kosa ni langu. Asiteseke yeye."

Tusekile akanong'ona:

"Tulia. Usitikisike. Mgeni anakuja."

Kikatoka kiguu cheusi.

Kikatoka kichwa.

Akatoka Mgeni Mnene, polepole, akakaa mlangoni pake. Mabawa hayakusogea. Jua lilimpiga mgongoni.

Bawa moja likatikisika. Na la pili.

Vu. Vuu. Vuuu.

Akapita karibu kabisa na sikio langu. Nikaruka nyuma, nikakaa kwenye matope, pwata. Mama alicheka mpaka mchele ukamwagika.

Tusekile hakugeuka. Alikuwa anakimbia kwenye ua, simu mkononi.

Ua lilikuwa limebakiza mlango mdogo tu. Mgeni Mnene akajisukuma. Akajisukuma tena. Akaingia.

Ka-cha.

Picha ilitoka na ukungu. Doa jeusi, doa la njano, basi. Tusekile aliibusu simu.

Safari hii nilitazama. Nilitazama picha zote, tangu ya kwanza.

Ua likajifunga. Tukangoja siku kadhaa. Halikuanguka. Pakatokea kitunda cha kijani, kidogo kama njegere.

Tundu sikuliziba tena. Nilisimika nguzo nyingine pembeni, kichanja kisianguke. Na gogo kavu nililiegemeza karibu, liwe chumba cha watoto wa Mgeni Mnene.

Usiku Tusekile alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mungu, mlinde Mgeni Mnene. Na Baba asizibe tena milango ya watu."

"Amina," nilisema. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko zote.

Akavuta blanketi. Akalala.

Sasa wewe unayenisikiliza, nakuomba jambo moja. Kesho ukiona tundu kwenye mti, usilizibe. Chuchumaa. Tulia. Usitikisike. Mngoje mwenye nyumba atoke, umwone kwanza.