Udongo wa Kumziba Tuntufye

Mwaka 1953 Wazungu walichimba kisima kijijini Ngana kutafuta makaa ya mawe. Futi mia sita chini wakakuta gesi, na gesi ikamuua Tuntufye, mwendesha mashine, spana ikiwa bado mkononi. Akazikwa kwao Ikombe, kando ya ziwa. Siku ya tatu bomba la kisima likakohoa, mara mbili, kama alivyokuwa akikohoa yeye.

Kila walipomwaga saruji, bomba liliitema. Ndipo msimamizi, mzee Zebedayo, akapanda mtumbwi kwenda Ikombe kwa mjane wa Tuntufye, Atuganile, mfinyanzi ambaye chungu chake hakijawahi kuvuja.

"Ugonile, mama Rut."

"Ndaga, baba. Kwema huko?"

"Kungekuwa kwema ningekuja? Jana amekufa mtu wa pili. Tunataka udongo wako na mikono yako." Akashusha sauti. "Lakini lile bomba linaongea, mwanangu. Linaongea kama mumeo."

Atuganile akaenda, Rut wa miaka mitano mgongoni. Tusidanganyane, hakwenda kuziba. Alikwenda kusikia.

Ilikuwa mchana kweupe, na pale kisimani palinuka mayai viza.

"Mama Rut," bomba likaita, "sikukuaga."

Udongo ukamdondoka. Akapiga magoti akasikiliza, likimtajia mtumbwi uliomleta siku ya harusi, na kovu la moto kwenye kiganja chake, na jina la mtoto wao wa kwanza ambaye hakuishi, jina ambalo wao wawili tu walilijua, naye akalia kwa raha na uchungu hata asione kwamba Rut ameshuka, amejilaza, sikio kwenye bomba, midomo imebadilika rangi, anatabasamu.

"Baba anasema niingie," mtoto akanong'ona.

Atuganile akamnyakua, akamtupia Zebedayo aliyesimama nyuma yake, akashindilia udongo kwa mikono miwili.

"Mama Rut, usinizibe, huku giza, usi..."

"Nisamehe, Tuntufye! Kama ni wewe, nisamehe!"

Bomba likazibika. Mtoto akapiga chafya, akalia.

"Ndaga fijo, mwanangu," akashukuru Zebedayo, naye machozi yakimtoka.

Ulibaki udongo konzi moja, na mfinyanzi hatupi udongo. Nyumbani akamfinyangia Rut kachungu, akakachoma pamoja na vyungu vya sokoni. Mara ya kwanza tangu msiba, alikula akashiba.

Alipotoka nje alimkuta Rut amekaweka kachungu sikioni.

"Mama," akasema, "baba anauliza kwa nini ulimziba mdomo."