Ilipofunikwa Wakati wa Kufukiza

Julai, mji mzima wa Margilan unaungua kwa jua, lakini laptopu ya Oyniso ilikuwa baridi kama nyama ya friji. Chaja ilikuwa ukutani tangu alfajiri. Muattar, mke wa mwanawe, alibonyeza kitufe. Haikuwaka.

Saa kumi Ilhom, mumewe, angepiga simu ya video kutoka Urusi amwone mtoto wake kwa mara ya kwanza. Ndani ya arobaini mtoto haonyeshwi mtu, hata kwenye kioo cha laptopu, na arobaini ilikuwa imeisha jana. Simu za mle ndani ni za vitufe tu. Muattar hakulia. Tangu ajifungue hakuwa akilia wala kucheka. Alifua, alipika, basi.

Akaitwa Kobil, fundi wa sokoni. Akapima chaja: nzima. Akaichomoa ukutani, akafungua skrubu za chini ya laptopu, akatoa betri.

"Nabonyeza kitufe nikihesabu mpaka thelathini, umeme uliobaki utoke," alisema.

Alipofika kumi na tisa, taa iliwaka. Feni ikazunguka polepole, ikivuta na kutoa kama mtu aliyelala, na chumba kikanuka sufu mbichi ya kondoo.

"Mama," Kobil alinong'ona, "betri ninayo mkononi."

"Naiona. Sijapofuka."

"Sasa nini kinazungusha feni?"

"Fundi si wewe?"

"Jana mliifanya nini?"

"Tulifukiza majani makavu ya isirik nyumba nzima kuondoa mabaya. Kila kona, mpaka chooni."

"Na hii?"

Muattar ndiye aliyejibu, taratibu. "Niliifunika shuka. Mama alisema moshi utaharibu feni."

Wote watatu wakaitazama. Nyumba nzima moshi, na pahali pamoja tu pasipo moshi. Kobil akabeba begi lake akaondoka, bisibisi akaiacha.

"Mwanamume huyo!" Oyniso alisonya. Akawasha isirik kwenye kikaango kibovu, akaizungusha juu ya laptopu huku akisoma dua, na feni ikalia kwa sauti nyembamba ikipanda na kupanda, moshi ukajaa hadi darini, mtoto akakohoa, Muattar akashusha mashuka yote juu ya beshik, kitanda chake cha kubembea, akayabana pande zote moshi usimfikie, na feni ikalia, ikalia, kisha kimya.

Laptopu ilikuwa na joto la kawaida. Oyniso akarudisha betri. Ikawaka.

Saa kumi Ilhom akatokea kwenye kioo, kofia ya ujenzi kichwani. "Yuko wapi simba wangu? Mbona simsikii?"

Muattar akafunua mashuka. Mtoto alikuwa macho, anamtazama. Akamnyanyua. Alikuwa baridi kama nyama ya friji, na pumzi yake ilinuka sufu mbichi.

Kikaango kikamponyoka Oyniso.

"Amefanana na mimi!" Ilhom alicheka. "Oneni anavyonichekea!"

"Ndiyo," alisema Muattar. "Ana njaa."

Akaketi, akafungua vifungo vya gauni.